Cheti ni Kimoja, Malipo ni Mbalimbali: Mwanamke na Chuo Huku Kwetu tangu Enzi za Mkoloni

 

Makala haya yalianzia kwenye mkeka. Usiku mmoja wa Ramadhan iliyopita, baada ya tarawehe hapa Kiriaini, tulibaki watu wachache tukimalizia chai ya futari. Mzee mmoja anayeuza nguo siku za soko akatuambia kuwa binti yake ameletewa barua ya kuitwa chuoni, na karo ya muhula wa kwanza haijatimia. Hakuwa anaomba mchango. Alikuwa anauliza swali: nikiuza ng'ombe nimsomeshe, si ataolewa tu, na ng'ombe wangu awe amekwenda kwa watu? Kijana mmoja akadakia kwamba msichana akisoma sana hapati mume. Mwingine akasema afadhali asomee ualimu, kwa sababu mwalimu anarudi nyumbani mapema kupika. Kina mama walikuwa upande wa pili wa pazia. Wakaguna, na mmoja wao akasema kwa sauti ya kutosha kutufikia: "Kwani huyo ng'ombe alikuwa akikatiwa majani na nani?"

Tukacheka, lakini swali la mzee halikujibiwa. Nililala nalo. Nikaanza kusoma na kuwauliza wakubwa, na haya ndiyo niliyoyapata. Kila mwaka mwezi huu tunasimuliwa habari za Bi Fatma al-Fihri aliyejenga al-Qarawiyyin kule Fez mwaka 859. Ni habari nzuri na haichoshi. Ila mimi naona tunaipenda kwa sababu iko mbali. Za hapa jirani, ambazo zingetugusa, hatuzisimulii.

Kwa msomaji asiyetujua: Kiriaini ni soko lililo upande wa Mathioya, Murang'a, pale unapokaribia kuvuka kuingia Othaya ya Nyeri. Ni nchi ya mabonde, chai juu na kahawa chini. Waislamu ni wachache. Ukitaka kuwaona wengi itabidi ushuke Mjini kule Murang'a, au uende Majengo ya Nyeri.

SHULE ZA RANGI NNE

Tuanze na jambo ambalo vijana wa leo hawaliamini ukiwaambia. Katika Kenya ya mkoloni hapakuwa na elimu moja. Palikuwa na elimu ya Wazungu, ya Wahindi, ya Waarabu na ya Waafrika, na kila mtoto alikwenda kwenye shule ya rangi yake. Pesa nazo ziligawanywa kwa rangi, na aliye wengi ndiye aliyepata kidogo.

Mwaka 1942 serikali ilifanya masomo kuwa lazima kwa watoto wa Kizungu. Mwaka huo huo ikafanya lazima kwa watoto wa Kihindi wa Nairobi, Mombasa na Kisumu, lakini wavulana peke yao. Mvulana wa Kihindi asipopelekwa shule, baba yake ana kesi. Dada yake akikaa nyumbani, hapana anayeuliza. Na mtoto wa Kiafrika, awe mvulana au msichana, sheria haikumtaja kabisa.

Kwa Waafrika, shule maana yake ilikuwa misheni. Shule ya sekondari ya wavulana ya Alliance kule Kikuyu ilifunguliwa mwaka 1926. Ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1948. Hesabu mwenyewe: ni miaka 22. Katika miaka hiyo wavulana walimaliza, wakaenda Makerere, wakarudi wakawa walimu na makarani, wakatafuta wake, na wasichana wa kulingana nao kimasomo hawakuwapo. Makerere yenyewe, iliyoanza mwaka 1922, haikupokea mwanamke mpaka mwaka 1945, nao walikuwa sita tu. Wimbo wa chuo ulikuwa mmoja hadi wakati huo: tuwe wanaume. Walipofika wale sita ikabidi hata kaulimbiu ibadilishwe.

Sisi Waislamu wa bara tulikuwa na shida ya ziada. Shule ilikuwa ya kanisa, na kuingia darasani mara nyingi kulikwenda pamoja na kubatizwa. Mzazi wa Mjini Murang'a alipima mambo mawili: mtoto asome abadilike dini, au abaki na dini bila masomo. Wengi walichagua la pili, na kwa msichana hawakupima mara mbili. Mimi siwezi kuwalaumu kwa urahisi. Lakini matokeo yake tunayaona hadi leo ukihesabu kina bibi wa Kiislamu wa huku wanaojua kuandika jina lao. Kule Unguja, ambako serikali ilikuwa ya Kisultani na wazazi hawakuogopa ubatizo, shule ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927, na waliotoka mle ndio waliokuja kuwa walimu wa wenzao. Waislamu wa huko na wa huku ni wamoja. Kilichotofautiana ni mwenye shule.

Wahindi nao walikuwa na njia zao. Jumuiya zao zilijichangia na kujijengea. Kwa Ismailia, Aga Khan wa tatu alikuwa akiwahimiza waziwazi kwamba mzazi asiyeweza kusomesha watoto wote wawili amsomeshe binti kwanza. Na ni mchango wa Wahindi, waliotaka kumkumbuka Gandhi baada ya kuuawa mwaka 1948, uliounganishwa na mpango wa serikali kukajengwa chuo cha Nairobi kilichofungua milango mwaka 1956 kwa rangi zote. Hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Watu wengi wanaopita pale hawajui habari hii.

KWA NINI WAMAMA WA HUKU WALIPENDA CHETI

Vita vya Mau Mau na hali ya hatari, kuanzia mwaka 1952, viliwaacha wanawake wa Nyeri na Murang'a peke yao. Waume walikuwa msituni au kizuizini. Mwaka 1954 watu wakaondolewa mashambani mwao wakakusanywa vijijini, wakachimbishwa mahandaki. Nani aliyelipa karo miaka ile? Mama. Nani aliyeamua mtoto gani aende shule? Mama.

Kisha ardhi ikapimwa upya na kuandikishwa, na hati ikatoka kwa jina la baba. Kahawa, ambayo Mwafrika alikuwa amezuiwa kuipanda kwa miaka mingi, ikaruhusiwa. Lakini mwanachama wa chama cha ushirika alikuwa mwenye shamba, yaani mwanamume. Mama anapalilia, mama anachuma, mama anabeba gunia hadi kiwandani kwa mgongo, na malipo yanaingia kwa akaunti ya baba. Chai ilipokuja ikafuata mtindo ule ule. Mtu yeyote wa Kiriaini anajua maana ya msimu wa bonasi, na anajua nyumba ambazo bonasi haikufika.

Kwa hiyo usishangae kwamba bibi zetu, ambao hawakusoma, ndio waliokuwa wakali zaidi juu ya masomo ya binti. Walikuwa wameona kwamba shamba lina jina la mtu, na kahawa ina jina la mtu. Cheti cha ualimu au cha uuguzi kilikuwa kitu cha kwanza chenye thamani ambacho kingeandikwa jina la mwanamke. Wasichana wakapelekwa Kamwenja na vyuo vingine vya walimu, wengine wakasomea uuguzi Tumutumu au Mathari. Ukisema "chuo" kwa watu wa umri wa mama yangu, hawafikirii chuo kikuu. Wanafikiria P1, P2, P3, na sare nyeupe ya nesi.

BINTI WA IHITHE

Sasa nikae kidogo kwa mtu mmoja, kwa sababu maisha yake yanaonyesha jambo hili lote.

Wangari Muta alizaliwa Ihithe, Tetu, tarehe 1 Aprili 1940. Kutoka hapa Kiriaini unapanda matatu ya Othaya, unaunganisha Nyeri, haujapita nusu siku umefika. Baba yake alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la Mzungu upande wa Nakuru. Aliyesababisha asome ni kaka yake Nderitu, ambaye aliuliza tu nyumbani kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akaona hakuna sababu. Akapelekwa. Sijui ni wangapi walikosa shule kwa sababu hapakuwa na kaka wa kuuliza.

Akasoma kwa masista Mathari, akapewa majina mapya ya Kikatoliki, akaenda Loreto Limuru, na mwaka 1960 akawa kati ya wanafunzi walioruka kwenda Marekani kwa mpango wa Tom Mboya ambao Kennedy aliusaidia pesa. Njiani, basi lao lilisimama mkahawani katika jimbo la Indiana, wakaambiwa soda wanaweza kununua lakini wakanywee nje. Hapo ndipo msichana wa Nyeri alipojua kuwa ule ugawaji wa rangi alioukimbia Kenya ulikuwa umemtangulia Marekani.

Nisimame kidogo hapa, maana hili la Marekani linafafanua letu. Chuo cha Oberlin, Ohio, kilianza kupokea weusi mwaka 1835 na wanawake mwaka 1837, mapema kuliko karibu vyote. Mmoja wa wanawake weusi waliohitimu pale, Mary Church Terrell, alimaliza mwaka 1884 akawa mwalimu mjini Washington. Mwaka 1891 akaolewa, na kazi ikamwisha, kwa sababu mwalimu mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kubaki kazini. Sheria kama hiyo ilikuwako Uingereza pia. Kwa walimu iliondolewa mwaka 1944, kwa watumishi wa serikali mwaka 1946. Lakini angalia tofauti. Mwanamke mweupe aliyeachishwa kazi kwa ajili ya ndoa, mara nyingi mumewe alikuwa na mshahara wa kutosha nyumba. Mwanamke mweusi mume wake alilipwa kidogo kwa sababu ya rangi, kwa hiyo ndoa haikumpunguzia haja ya kufanya kazi. Kwa mmoja chuo kilikuwa heshima ya nyumbani. Kwa mwingine kilikuwa unga. Terrell na wenzake wakaunda chama mwaka 1896, na waliojiona wamesoma walichukua kama wajibu kuwavuta na wengine. Dada yeyote wa Murang'a mwenye mshahara, anayelipia karo wadogo zake watatu na binamu, anaelewa bila kufafanuliwa.

Turudi kwa Wangari. Alirudi nyumbani mwanzoni mwa mwaka 1966 na shahada ya pili kutoka Pittsburgh na barua ya kazi mkononi. Kufika, kazi amepewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini sababu ilikuwa kabila lake na uanamke wake. Mjerumani mmoja, Profesa Hofmann, ndiye aliyempa nafasi katika udaktari wa wanyama. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu. Alikuwa ameolewa mwaka 1969, na kati ya mwaka 1970 na 1974 akazaa watoto watatu. Yaani tasnifu iliandikwa na mtoto mgongoni.

Na hapa ndipo penye kiini cha habari. Pale chuo kikuu, mwalimu mwanamume alipewa nyumba au marupurupu ya nyumba, na pensheni, na mengineyo. Mwalimu mwanamke aliyeolewa hakupewa. Hoja ilikuwa kwamba ana mume, na mume atamweka. Shahada ile ile, darasa lile lile, wanafunzi wale wale. Bahasha mbili tofauti. Masharti hayo yalikuwa urithi wa mkoloni, yalitungwa kwa ajili ya Mzungu aliyekuja na mke wa kukaa nyumbani. Uhuru ulikuja, Mzungu akaenda, masharti yakabaki.

Wangari akaungana na mwenzake Vertistine Mbaya, Mmarekani mweusi mtaalamu wa biokemia aliyekuwa akifundisha hapo hapo. Mmoja ametoka Ihithe, mwingine ametoka kwa kina Terrell. Wakadai usawa miaka ya sabini. Wengi wa wanawake wenzao waliogopa, wengine waume zao hawakutaka. Mwisho chuo kikakubali kwa namna ya ajabu: wao wawili wakapewa haki zile, kana kwamba wamefanywa wanaume wa heshima, na kanuni yenyewe ikaachwa palepale kwa wengine.

Nataka niseme neno juu ya hoja ile ya "ana mume", kwa sababu hata misikitini nimewahi kusikia mtu akiitumia na kuipaka dini. Ndugu zangu, sheria yetu inamwajibisha mume kumpa mkewe makazi na matumizi. Hiyo ni haki ya mke juu ya mumewe. Haimpi mwajiri ruhusa ya kumkata mshahara. Na kile anachochuma mke ni chake, akitoa nyumbani ni hisani yake. Ukichukua wajibu wa mume ukaufanya kuwa faida ya mwajiri, umewadhulumu wote wawili. Hapa naona dini yetu ilikuwa mbele ya kanuni za chuo kikuu, ingawa sina hakika kama waume wetu wengi wako mbele.

NDOA ILIVYOMALIZIKA

Yule kijana wa kwenye mkeka, aliyesema msichana akisoma hapati mume, angeweza kumtaja Wangari kama ushahidi. Mume wake alikuwa mwanasiasa, akawa mbunge wa Lang'ata mwaka 1974. Akaondoka nyumbani mwaka 1977, na talaka ikatolewa mahakamani mwaka 1979 mbele ya magazeti. Zikavuma habari kwamba mume alimwona amesoma kupita kiasi na hadhibitiki. Baadaye Wangari alisema maneno makali juu ya hakimu katika mahojiano na jarida, akahukumiwa miezi sita kwa kuidharau mahakama, akakaa siku tatu akatolewa. Mume akamtaka aache kutumia jina lake. Yeye akaongeza herufi moja, likawa Maathai, akaendelea nalo.

Lakini tusome hadi mwisho, tusikatie pale panapotufaa. Pesa zilimwishia. Akachukua kazi ya safari ya Umoja wa Mataifa, na ikabidi watoto wakae kwa baba yao kwa muda. Mwaka 1982 akajiuzulu chuo kikuu ili agombee ubunge Nyeri. Akaenguliwa kwa hoja ya usajili. Akarudi chuoni akaambiwa nafasi imejazwa, na nyumba ya chuo aiache. Mwanamke mwenye uzamivu, umri wa miaka 42, hana kazi, na nyumba ya chuo imemtoka. Mwanamume mwenye cheti kama chake angepata hasara hiyo? Pengine, siasa ya wakati ule haikumwonea huruma mtu. Ila mwanamume asingefika pale akiwa ametoka kwenye kesi ya kuambiwa amesoma mno.

Kilichofuata mnakijua. Miti aliyoanza kuipanda mwaka 1977, vikundi vya kina mama wasiosoma waliolipwa kidogo kwa kila mche uliokua, ubunge wa Tetu mwaka 2002, Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Binti yake Wanjira naye akasoma, akafanya kazi ile ile ya miti.

WENGINE, KWA UFUPI

Si kila habari ni ya machungu. Bi Kalpana Rawal alisoma sheria Gujarat, India, akaja Kenya miaka ya sabini kwa sababu ya ndoa. Wengi walioletwa na ndoa waliishia nyuma ya kaunta ya duka la familia. Yeye mwaka 1975 akafungua ofisi yake ya uwakili, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo nchini, na mwaka 2013 akawa Naibu Jaji Mkuu. Ndoa iliyomtoa kwao haikumzuia kufanya kazi.

Na Bi Amina Mohamed, Mwislamu Msomali aliyezaliwa na kukulia Kakamega, mtoto wa bara kama sisi, alisoma Butere na Highlands, akasomea sheria Kiev, mwaka 2005 akaongoza Baraza Kuu la Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2013 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Nikimtaja hapa Kiriaini watu husema, "Ah, hao ni Wasomali, wana watu." Tazama tulivyorithi makabati ya mkoloni! Akifaulu wa rangi nyingine au kabila jingine, tunasema ni desturi yao. Akishindwa wa kwetu, tunasema ni masomo.

Na nyinyi mabinti wa sekondari mnajua kwamba hadithi ya shule za kanisa haijafungwa. Kesi ya hijabu iliyotoka Isiolo ilipata ushindi Mahakama ya Rufaa mwaka 2016, kisha mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi ule kwa sababu za utaratibu wa kesi. Kwa hiyo binti wa Kiislamu wa huku bado mara nyingine anapimishwa kitambaa na masomo, kama bibi yake alivyopimishwa ubatizo.

TATA

Nimeacha jambo moja mwisho kwa sababu linanihusu.

Mama yangu alikuwa mwalimu. Aliponizaa alipata likizo ya miezi miwili. Sheria ya kazi ya mwaka 1976 iliruhusu hivyo, ila mwenye kuichukua alipoteza likizo yake ya mwaka. Miezi mitatu bila kunyang'anywa ya mwaka ilikuja na sheria ya mwaka 2007. Miezi miwili ilipokwisha, mtoto anabaki na nani? Baba naye yuko kazini. Akaletwa mdogo wake mama kutoka kijijini, binti wa ndugu yake babu. Huku tunamwita Tata, yaani shangazi au khala, ni neno moja. Alikuwa darasa la sita. Ikasemwa atakaa mwaka mmoja, kisha atapelekwa shule ya karibu na nyumbani. Nyuma yangu wakaja wawili. Tata hakurudi darasani.

Mshahara wa mama ulisomesha wajomba zangu wawili. Ulitujengea nyumba ya mawe. Miaka ya 2000, vyuo vikuu vilipoanza kupokea walimu wakati wa likizo, mama alikuwa mmoja wa wale waliobeba mabegi Aprili, Agosti na Desemba, akafanya shahada akiwa na umri wa miaka zaidi ya 40. Picha yake ya mahafali iko ukutani, joho na hijabu. Na katika Ramadhan hizo zote aliyekuwa akiamka kupika daku ni Tata.

Wazungu wa mashamba walikuwa na yaya wa Kiafrika, na ndio uliowapa mabibi wao nafasi ya kusoma, kuandika vitabu na kuendesha vyama. Wahindi wa mjini walikuwa nao. Tulipopata vyeti sisi, tukafanya vivyo hivyo, ila tulichukua wa damu yetu, tukaita ni msaada wa ndugu. Ukipita Nairobi mitaa ya walimu na wafanyakazi wa benki utaona wasichana wangapi wa Mathioya na Othaya wako jikoni. Tunaposema chuo kimeinua wanawake wa huku, ni kweli, mimi ni shahidi. Ila niliposoma habari za marupurupu ya nyumba ya kina Wangari, nilijiuliza nani alibaki na watoto wao, na hivyo vitabu vingi vya historia havisemi.

Nilimwuliza mama kuhusu jambo hili, wiki ya kwanza ya Shaaban. Alinyamaza. Kisha akasema walidhani kutakuwa na wakati. Hakujitetea zaidi ya hapo, nami sikumkaza, ni mama yangu.

Nilimwuliza na Tata. Yeye alicheka kwanza. Akaniambia alijifunza kusoma kwa madaftari yangu mimi, nilipokuwa darasa la kwanza, kwa sababu alikuwa akinikagua kazi ya nyumbani na hakutaka nijue kuwa baadhi ya maneno hayajui. Baadaye akahudhuria ngumbaru jioni, akapata cheti chake. Ana kibanda cha mboga sokoni na binti mmoja, aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita na kungoja barua.

Yule mzee wa nguo, alhamdulillahi, binti yake aliripoti chuoni mwezi wa Septemba, anasomea uuguzi. Ng'ombe hakuuzwa mzima mzima. Aliuzwa ndama, na kina mama wa upande wa pili wa pazia wakachanga kilichobaki. Barua ya binti wa Tata imefika pia, na mara hii mama ndiye aliyesema karo ya mwaka wa kwanza ataitoa kwa pensheni yake. Tata amekubali. Amesema tu kwamba anataka risiti ya benki iandikwe jina lake yeye kama mzazi, na mama ameenda naye Murang'a mjini kuhakikisha.